Kwa nini wanasiasa huachia ngazi kwa kashfa za chumbani

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Kuna jambo linanisumbua kila ninaposikiliza habari za dunia. Waziri anapigwa picha na mchepuko wake, siku mbili hazipiti, kaandika barua ya kujiuzulu. Mwingine anatajwa kwenye upotevu wa fedha za umma miaka mitano mfululizo na bado anakata utepe. Halafu wapo wanaokutwa na mambo yaleyale ya chumbani na hawaguswi. Ni aibu inayowaondoa, ni sheria, au kuna kitu sisi wa nje hatukioni? Na je, ni haki mtu kupoteza kazi ya umma kwa jambo la nyumbani kwake?"

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na hicho kitu msichokiona, kwa sababu kikishaonekana hayo mengine yanajieleza.

Aibu ipo, sikatai, ila peke yake huwaondoa wachache sana. Nimesoma barua nyingi za kujiuzulu katika miaka yangu ya kufundisha siasa, na karibu zote zimeandikwa kwa mkono mmoja: shukrani kwa kiongozi aliyemteua, pole kwa familia, kisha sentensi isiyokosekana, kwamba mhusika hataki mambo yake binafsi yawe kikwazo kwa kazi ya serikali. Isome taratibu sentensi hiyo. Mwandishi wake anasema amekuwa mzigo. Na mzigo haujipimi wenyewe, unapimwa na wanaoubeba. Kabla barua haijaandikwa, kuna watu wameshakaa, wamehesabu, na wameona hawawezi kuendelea kubeba. Saini ya mhusika huja mwisho kabisa.

Chukua yaliyomkuta Matt Hancock, Waziri wa Afya wa Uingereza wakati wa korona. Ijumaa tarehe 25 Juni 2021 gazeti la The Sun lilichapisha picha za kamera ya ulinzi zilizochukuliwa ndani ya ofisi yake mwenyewe, amemkumbatia mshauri wake wakibusiana. Zilikuwa za tarehe 6 Mei, wakati kanuni za serikali yake bado zilikataza watu wa nyumba tofauti kukaribiana. Akaomba radhi siku hiyohiyo. Ofisi ya Waziri Mkuu Boris Johnson ikasema radhi imepokelewa na suala limekwisha. Jumamosi jioni Hancock akatangaza kujiuzulu.

Kati ya "limekwisha" na kujiuzulu kulipita siku moja na kitu. Hakuna mahakama iliyokaa, hakuna tume iliyoundwa, wala hakuna ushahidi mpya uliopatikana. Kilichobadilika ni kwamba wabunge wa chama chake walianza kusikia kutoka kwa wapiga kura, watu waliozika wazazi wao bila kuruhusiwa kuwashika mkono wakikata roho, na baadhi yao wakasema hadharani kwamba aondoke. Tena kulikuwa na kumbukumbu mbaya zaidi. Mei 2020 Profesa Neil Ferguson alijiondoa kwenye kamati ya wanasayansi iliyoishauri serikali, baada ya kujulikana kwamba mpenzi wake alimtembelea nyumbani wakati wa zuio la kutoka nje. Hancock alipoulizwa kwenye televisheni alisema ameishiwa maneno, na kwamba Ferguson alifanya sahihi kuondoka. Mwaka mmoja baadaye kipimo alichompimia mwenzake kikarudi kwake. Waziri Mkuu angeweza kuendelea kumkingia kifua, lakini kila siku ya kufanya hivyo ingemgharimu yeye na wabunge wake.

Ukitaka kujua barua kama ile inazuia nini, mtazame mtu aliyekataa kuiandika. Charles Stewart Parnell aliwaongoza wabunge wa Ireland ndani ya Bunge la London katika miaka ya 1880, wakidai nchi yao ijitawale. Hakuna Mwairishi wa zama zake aliyeikaribia ndoto hiyo kuliko yeye. Kwa miaka aliishi na mke wa Kapteni O'Shea, mbunge mwenzake, na akazaa naye. Watu wa karibu katika siasa walijua, na kazi ikaendelea. Desemba 1889 O'Shea alifungua shauri la talaka akimtaja Parnell, na Novemba 1890 hukumu ikatoka, mambo ya ndani yakiwa yamejaa magazetini.

Sasa angalia nani alimwangusha. William Gladstone, kiongozi wa chama cha Liberal, ndiye mshirika mkubwa ambaye Waairishi walimhitaji ili sheria ya kujitawala ipite. Gladstone alikuwa na wapiga kura wengi Waprotestanti wa makanisa yenye msimamo mkali juu ya ndoa, nao wakamwambia waziwazi kwamba hawatafuata chama kinachoshikana mkono na mzinzi. Gladstone akaandika barua kueleza kwamba Parnell akibaki, uongozi wake mwenyewe ndani ya Liberal utakuwa kama haupo. Ilikuwa lugha ya hesabu tupu. Parnell akakataa. Mwanzoni mwa Desemba 1890 wabunge wake walijifungia siku kadhaa bungeni katika Chumba cha Kamati namba 15 wakibishana, mwisho walio wengi wakatoka wakamwacha na wachache. Oktoba 1891 alifariki akiwa na umri wa miaka 45. Chama kilibaki vipandevipande mpaka mwaka 1900.

Rudi kwenye neno moja nililolipitia haraka: walijua. Katika kashfa nyingi za namna hii wenzake wa mhusika wanajua zamani. Spika wa Bunge la Singapore, Tan Chuan-Jin, alijiuzulu Julai 2023 pamoja na mbunge mwenzake wa chama tawala kwa sababu ya uhusiano wao. Waziri Mkuu Lee Hsien Loong mwenyewe alieleza kwamba alikuwa amepata habari hizo tangu baada ya uchaguzi wa 2020 na aliwaonya waachane. Siri iliyo mikononi mwa wakubwa haimwondoi mtu. Kinachomwondoa ni siku ile inapotoka nje, kwa sababu kuanzia hapo wakubwa nao wanaulizwa walijua lini na walifanya nini.

Kuna pia njia ambazo jambo la nyumbani huvuka kizingiti na kuwa la umma, na nyingi zinapita kwenye uongo.

John Profumo, Waziri wa Vita wa Uingereza, alikutana na Christine Keeler, binti wa miaka 19, Julai 1961, wakawa na uhusiano mfupi. Katika kipindi kilekile binti huyo alikuwa na ukaribu na Yevgeny Ivanov, mwambata msaidizi wa jeshi la majini katika ubalozi wa Kisovieti. Hebu fikiria: Vita Baridi imepamba moto, na waziri wa jeshi na ofisa wa Kisovieti wanakutana kwa mwanamke mmoja. Uvumi ukavuma, na usiku wa kuamkia tarehe 22 Machi 1963 Profumo akaamshwa usingizini, akaitwa bungeni, akakaa na mawaziri wenzake watano kuandaa kauli. Asubuhi akasimama akalitamkia Bunge kwamba hapakuwa na jambo lolote lisilofaa katika kufahamiana kwake na Keeler. Tarehe 5 Juni ikatangazwa kwamba amejiuzulu, akikiri kwamba alilidanganya Bunge.

Kwa sisi tunaofuatilia taasisi, lile kosa la pili ndilo lililommaliza. Bunge la namna ile linafanya kazi kwa imani kwamba waziri akisimama na kusema jambo, amelisema kweli, kwa sababu wabunge hawana njia nyingine ya kujua yaliyomo ndani ya wizara. Waziri akidanganya kuhusu mwanamke, kesho atasadikiwa vipi kuhusu makombora? Oktoba mwaka uleule Waziri Mkuu Harold Macmillan naye akaondoka, ugonjwa ukiwa umemkuta akiwa tayari amechoshwa na kashfa ile.

Anthony Weiner, mbunge wa New York, alipita njia hiyohiyo miaka 48 baadaye. Mei 2011 alituma picha ya aibu kwa mwanamke kupitia Twitter, kwa makosa ikaonekana na watu wote. Akadai akaunti yake imeingiliwa. Siku kumi hivi akawa anazunguka kwenye vituo vya televisheni akisema hawezi kuthibitisha kama picha ni yake au la. Tarehe 6 Juni akakiri, na tarehe 16 Juni akatangaza kuondoka. Wenzake waliomtetea hadharani katika zile siku kumi walibaki wameaibika pamoja naye, na huwezi kumwomba mtu akukingie kifua mara ya pili kwa jambo ulilomdanganya mara ya kwanza.

Njia nyingine ni pale starehe inapolipiwa na ofisi. Wayne Hays alikuwa mtu mwenye nguvu katika Bunge la Marekani. Mwaka 1976 ikajulikana kwamba alimweka mpenzi wake kwenye orodha ya mishahara ya kamati yake, dola 14,000 kwa mwaka. Mwanamke mwenyewe aliliambia gazeti la Washington Post kwamba hajui kupiga chapa, hajui kupanga mafaili, na hata simu hawezi kupokea. Baada ya kauli hiyo hapakubaki cha kutetea.

Kuna nyingine inaniuma kila ninapoifundisha. David Laws aliingia serikali ya Uingereza Mei 2010 kama naibu wa Waziri wa Fedha, akisifiwa na pande zote kwa uwezo wake. Baada ya siku 17 akajiuzulu. Gazeti la Daily Telegraph lilikuwa limegundua kwamba kwa miaka kadhaa alidai posho ya nyumba, zaidi ya pauni 40,000 kwa jumla, na pesa hiyo ililipa pango kwa mwanaume ambaye kumbe alikuwa mwenzi wake. Tangu 2006 kanuni za Bunge zilikataza mbunge kumlipa mwenzi wake kwa posho. Laws alieleza kwamba hakutaka kujitajirisha, alitaka kuficha kwamba anapenda wanaume, siri ambayo hata familia yake haikuijua. Kama angelisema ukweli kuhusu uhusiano wake, kanuni zingemruhusu kudai posho kwa njia nyingine. Bunge lilimsimamisha siku saba mwaka 2011. Hapo utaona kwamba kuficha kwenyewe ndiko kulikotengeneza kosa, na kwamba jamii inayomlazimisha mtu kuishi kwa kujificha ina sehemu yake katika kosa hilo.

Na njia ya mwisho ni ile ya mtu kunaswa na mtego alioutega kwa mkono wake. Eliot Spitzer alipata jina New York akiwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Alishtaki mabenki, na alishtaki mitandao ya ukahaba. Akiwa gavana, mwaka 2007, alisaini sheria iliyoongeza adhabu kwa wanaonunua ngono. Machi 2008 ikajulikana kwamba yeye ni mteja wa kampuni ya makahaba, na aliyemfichua bila kukusudia ni benki iliyotilia shaka namna alivyokuwa akihamisha fedha zake. Ndani ya siku mbili akatangaza kujiuzulu. Waendesha mashtaka hawakumfungulia kesi. Lakini gavana ambaye sheria inayomhukumu ina saini yake angesimamaje mbele ya polisi wake?

Nimekueleza wanaoondoka. Uliuliza pia kwa nini wengine hubaki, na hapo usitazame dhambi, tazama kiti. Uliza: nani amempa kiti hiki, na nani anaweza kumnyang'anya kabla ya uchaguzi?

Waziri katika mfumo wa bunge ana kiti cha kuazimwa. Waziri Mkuu akitaka kesho, kesho hiyohiyo hana kitu. Ndiyo maana mawaziri huanguka kwa kasi kuliko watu wote. Mbunge ana kiti cha wapiga kura, hivyo mara nyingi waziri anaacha uwaziri na kubaki mbunge, na habari zikisema "amejiuzulu" ni vizuri kuuliza amejiuzulu nini hasa. Rais wa kuchaguliwa kwa muda maalumu ana ngome kubwa zaidi, maana kumtoa kunataka mashtaka na kura nyingi mno.

Hakuna siku iliyoonyesha tofauti hii kama Jumamosi ya tarehe 19 Desemba 1998 mjini Washington. Baraza la Wawakilishi linajadili kumshtaki Rais Bill Clinton kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke, kutokana na uhusiano wake na Monica Lewinsky. Anasimama Bob Livingston, aliyekwishateuliwa na chama cha Republican kuwa Spika ajaye, ambaye siku mbili kabla amekiri kwamba naye alitoka nje ya ndoa. Anamtaka Rais ajiuzulu. Upande wa pili wa ukumbi wanapaza sauti: jiuzulu wewe! Livingston anatulia, kisha anasema ndivyo atakavyofanya. Ukumbi unapigwa na bumbuazi. Saa chache baadaye Baraza linapiga kura na Clinton anashtakiwa. Clinton hajiuzulu.

Dhambi ya wote wawili ilikuwa ya aina moja. Hesabu za viti vyao ndizo zilizotofautiana. Baraza jipya lingeanza Januari na Republican 223 dhidi ya Democrat 211 na mbunge mmoja asiye na chama, na Spika kwa kawaida anahitaji kura 218. Republican sita wenye uchungu wa dini wangetosha kumnyima Livingston kiti. Clinton alihitaji maseneta 34 tu kati ya 100 wasimame naye, kwa kuwa kumtoa rais kunataka theluthi mbili, na chama chake kilikuwa na maseneta 45. Nje ya Bunge, kura ya maoni ya Gallup iliyopigwa mwishoni mwa wiki ileile ilionyesha asilimia 73 ya Wamarekani wanaridhika na kazi yake. Februari 12, 1999 Seneti ikamwachia. Kura zilizotaka aondolewe hazikuzidi 50.

Mark Sanford, gavana wa South Carolina, alitoweka karibu wiki nzima Juni 2009. Wasaidizi wake wakasema yuko milimani anatembea kwa miguu, kumbe yuko Argentina kwa mpenzi wake. Bunge la jimbo lilimkemea lakini halikumwondoa. Akamaliza muhula wake, na mwaka 2013 wapiga kura wakampeleka Washington kuwa mbunge.

Kiti cha waziri nacho huweza kuokolewa, ikiwa mwenye kukiazimisha ana nguvu na mhusika hana cha kuficha tena. Agosti 1997 Robin Cook, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alikuwa kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow akienda mapumzikoni na mkewe alipopigiwa simu na msemaji wa Waziri Mkuu: gazeti moja la Jumapili linatoa habari za mpenzi wako. Aliamua palepale uwanjani kuiacha ndoa. Ilikuwa siku ya ukatili mkubwa kwa mke, na mimi siisifu. Lakini kisiasa gazeti lilipotoka hapakuwa na uongo wa kufukuzia, Tony Blair alikuwa miezi mitatu tu tangu ashinde kwa kishindo, na Cook akabaki na wizara. Alipokuja kujiuzulu serikalini, Machi 2003, ilikuwa kwa kupinga vita vya Iraq.

Desturi ya nchi nayo ina uzito. Ufaransa imelinda faragha kisheria kwa ukali tangu 1970, na waandishi wa Paris walijua kwa miaka mingi kwamba Rais François Mitterrand ana binti nje ya ndoa bila kuandika neno. Jarida la Paris Match lilichapisha picha ya binti huyo Novemba 1994, na Januari 1996 alisimama kwenye mazishi ya baba yake karibu na familia ya ndoa. Wengi huutaja mfano huu kama ustaarabu. Mimi huongeza nusu yake ya pili: binti na mama yake waliishi kwenye nyumba ya serikali, na kikosi maalumu cha ikulu kilisikiliza kwa siri simu za watu kadhaa, akiwemo mwandishi Jean-Edern Hallier aliyetishia kuifichua siri hiyo. Ukimya wa magazeti ulikuwa na gharama, na raia ndiye aliyelipa bila kuambiwa.

Sasa kilio chako, kwamba mla fedha za umma anabaki na mzinzi anaondoka. Kinauma, na kina maelezo.

Fedha za umma haziibwi na mtu mmoja. Lazima awepo wa kuidhinisha, wa kusaini, wa kuandika ankara, mwenye kampuni, na mara nyingi mtu wa chama aliyepokea fungu lake wakati wa kampeni. Kashfa ikifumuka, wote hao wana sababu ya kumlinda mkubwa wao, kwa kuwa akianguka anaweza kuwataja. Mchepuko hauna wabia. Aliyefaidi ni mmoja, na akiondoka hakuna anayelala na hofu. Kwa chama, hiyo ni sadaka nyepesi kuliko zote.

Tena wizi una mahali pa kujifichia panapoitwa "tusubiri uchunguzi". Ripoti ya ukaguzi ina majedwali na viambatisho, mawakili wanaomba ahirisho, mashahidi wanasafiri, na mtuhumiwa ana haki ya kusema hana hatia mpaka mahakama iseme. Waziri Mkuu anayetaka kumbakiza anapata sentensi ya kuwaambia waandishi kila asubuhi. Uhusiano wa nje ya ndoa hauna mahakama ya kusubiriwa. Hakuna tume itakayokuja kumsafisha mtu aliyeonekana kwenye picha, wala picha haihitaji mkaguzi kuifafanua. Kwa hiyo swali la leo linadai jibu leo.

Na hapo nikuombe uwe mwangalifu, kwa sababu kashfa ya chumbani ni pazia zuri la sababu nyingine. Sosuke Uno alikuwa Waziri Mkuu wa Japani kwa siku 69 tu mwaka 1989. Mara baada ya kuapishwa, mwanamke aliyewahi kuwa geisha, yaani mburudishaji wa kike wa jadi ya Kijapani, alisimulia kwenye jarida kwamba Uno alimlipa awe mpenzi wake, na akalalamikia ubahili wa Uno. Ulimwengu unakumbuka hilo. Lakini chama chake cha LDP kilishindwa vibaya uchaguzi wa baraza la juu Julai kikiwa pia kimebeba hasira za kodi mpya ya manunuzi ya asilimia 3 na kashfa ya hisa za kampuni ya Recruit iliyowachafua vigogo wengi. Kumtoa Uno ilikuwa rahisi kuliko kuwatoa wote hao. Silvio Berlusconi wa Italia alizongwa na habari za karamu zake za usiku miaka miwili na zaidi, hakutikisika. Aliondoka Novemba 2011 pale riba ya madeni ya serikali ilipopanda kupita kiasi na wingi wake bungeni ukayeyuka.

Afrika Kusini kuna mfano wa karibu zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2018 video ya faragha ya Malusi Gigaba, Waziri wa Mambo ya Ndani, ilisambaa mitandaoni. Alisema simu yake ilidukuliwa na kwamba alikuwa akitishiwa ili atoe pesa. Wiki chache baadaye, Novemba, akajiuzulu, na watu wengi duniani wakaunganisha mambo hayo mawili. Kumbe mahakama ilikwishasema alitoa uongo chini ya kiapo katika shauri la kituo binafsi cha ndege, na Mlinzi wa Umma, ofisa anayechunguza mwenendo wa viongozi, akamtaka Rais amchukulie hatua. Video ilimdhalilisha. Kiapo ndicho kilichoondoa kiti.

Limebaki swali lako la haki, na hapa nasema kwa imani yangu.

Kwanza tuondoe kisicho cha faragha. Kumpapasa mtu asiyetaka, au kumlazimisha, ni kosa la jinai, na anayeliita "mambo ya ndani" anamdhulumu aliyetendewa. Uhusiano wa bosi na mtumishi wa chini yake nao una walakini hata wote wakisema wameridhia, kwa sababu mmoja anaandika tathmini ya kazi ya mwingine. Australia iliandika katazo hilo kwenye kanuni za mawaziri Februari 2018, baada ya habari za Naibu Waziri Mkuu Barnaby Joyce na mwanamke aliyekuwa mfanyakazi wake. Joyce mwenyewe aliondoka mwezi huohuo, akarudi madarakani Juni 2021. Hayo yote, pamoja na uongo bungeni na fedha za ofisi, naona ni halali kabisa kumtoa mtu.

Lakini watu wazima wawili walioridhiana, bila uongo kwa umma, bila senti ya serikali, bila mtumishi aliyebanwa? Hapo anayestahili kupewa maelezo ni mwenza wake wa ndoa. Mimi raia nina haki na kazi yake tu. Na hofu yangu imekua tangu simu zianze kubeba maisha yetu yote, kwa sababu sasa mtu yeyote mwenye chuki anaweza kumwangusha kiongozi kwa picha iliyoibwa. Katie Hill, mbunge wa California, alikiri uhusiano na mfanyakazi wa kampeni yake, na kwa hilo alistahili kuulizwa. Ila picha zake za utupu zilichapishwa bila ridhaa yake, na aliondoka bungeni Novemba 2019 akisema wazi kwamba anaogopa kitakachofuata kuchapishwa. Ukiwa mwanamke kijana unayefikiria kugombea, unajifunza nini hapo?

Tarehe 14 Februari 2020 Benjamin Griveaux, mgombea umeya wa Paris wa chama cha Rais Macron, alijitoa baada ya msanii wa Kirusi Piotr Pavlensky kutundika mtandaoni video za faragha za mgombea huyo. Hakuwa ameiba, hakuwa amemlazimisha mtu. Chama kikahitaji mgombea haraka, na siku mbili baadaye kikamchukua Agnès Buzyn. Huyu alikuwa daktari, na wakati huo ndiye Waziri wa Afya wa Ufaransa. Aliiacha wizara katikati ya Februari, korona ikiwa tayari imeingia nchini, akaenda kugombea umeya na kumaliza wa tatu katika duru ya kwanza mwezi Machi. Pavlensky alihukumiwa Oktoba 2023, kifungo cha miezi sita cha kuvaa bangili ya kielektroniki. Griveaux alikuwa keshaacha ubunge tangu 2021.